Kuongea na Watu Kunasomewa

Kuna kauli inayozunguka kwenye vyuo vyetu vya afya, na inatembea kwa raha kwa sababu hakuna anayeisimamisha na kuiuliza inakotoka. Inasema mwanafunzi wa uzamili wa afya ya jamii, uuguzi au epidemiolojia akeshe na takwimu, maabara na programu za kompyuta, maana huko ndiko sayansi iliko. Mbinu za utafiti wa jamii atazichukua njiani. Akifika Bagamoyo atawauliza watu, watu watamjibu, ataandika. Ni Mtanzania, Kiswahili anakijua, kakulia kwenye nyumba ya mashangazi na majirani. Kuongea na watu nako kunasomewa?

Nasema kunasomewa, tena kwa jasho, na ushahidi wangu ni Bagamoyo yenyewe na pwani inayopanda kwenda Saadani na Pangani. Sijui mahali pengine nchini ambapo kauli hiyo imeumbuka mara nyingi namna hii bila wenye nayo kushtuka.

Tuanze na kinachowalewesha. Bagamoyo ni mji wa utafiti. Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo chake pale, na kati ya 2009 na 2014 Bagamoyo, pamoja na Korogwe, ilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto 15,459. Chanjo ya pili, R21, nayo ilijaribiwa hapo hapo. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza ya kwanza mwaka 2021 na ya pili mwaka 2023. Mwanafunzi akishuka kwenye basi lililotoka Makumbusho anakuta maabara zenye viyoyozi, magari ya miradi, na wasaidizi wanaojua kila kichochoro cha Matimbwa na Yombo. Ni rahisi sana kuamini kwamba sayansi yote iko ndani ya jengo lile.

Lakini chanjo isingepimika kama akina mama wasingewarudisha watoto, mwezi huu, mwezi ujao na miaka iliyofuata, wachomwe sindano na kutolewa damu. Walirudi kwa nini? Kwa kuiamini chanjo? Kwa kutumaini kwamba mtoto aliyeandikishwa akiugua atahudumiwa haraka? Kwa kumstahi mhudumu anayetoka mtaa ule ule? Baba mtoto alisemaje? Mama mkwe je? Hadubini haina jibu la hata swali moja katika hayo, na jaribio zima limekaa juu ya majibu hayo.

Turudi nyuma kidogo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye mradi wa vyandarua wa Bagamoyo. Watafiti wa Muhimbili na wenzao wa nje walipeleka vyandarua vilivyotiwa dawa vijijini, na wakaonyesha kwamba watoto waliolala ndani yake walipata nafuu ya malaria. Nusu hiyo ya habari kila mwanafunzi anaifahamu. Nusu ya pili haisomwi. Mwanaanthropolojia Peter Winch na wenzake, Watanzania wakiwemo, waliuliza swali ambalo jopo la leo la kupitisha mapendekezo ya utafiti lingeliita la kupoteza muda: watu wanaiona malaria kuwa tishio majira gani, na mbu wanakuwa kero majira gani? Makala yao ya 1994 ilionyesha kwamba hatari machoni pa wakazi hupanda na kushuka kwa majira, na matumizi ya chandarua hufuata kero. Masika mbu wakijaa, chandarua kinashushwa. Mbu wakipungua kinakunjwa, hata kama wachache waliobaki wanatosha kuambukiza. Mradi unaopanga kutia dawa vyandarua kwa kalenda ya mtaalamu unapishana na kalenda ya mwenye kitanda, na wote wawili wanalaumiana.

Kisha zikaja makala za 1996, za Makemba, Winch na wenzao, kuhusu degedege. Mzaliwa wa pwani hahitaji kuelezwa: mtoto anakakamaa, macho yanageuka, povu linatoka. Kwa daktari, mara nyingi hiyo ni malaria kali iliyopanda kichwani. Kwa wazazi wengi wa Bagamoyo waliohojiwa wakati ule, ilikuwa kazi ya shetani anayepita kwa umbo la ndege na kumtupia mtoto kivuli chake. Basi mtoto alifukizwa, alipozwa mwili, alipelekwa kwa mganga, na kulikuwa na hofu kwamba sindano ingemmaliza. Kampeni za malaria zilipita vijijini na mabango yao, na mama aliyelisoma bango hakuliona linamhusu, kwa sababu mtoto wake hakuwa na malaria. Alikuwa na degedege.

Hapa ndipo mpenda namba anapopaswa kukaa vizuri kwenye kiti. Tafiti kubwa za kitaifa za afya, zile zinazotajwa bungeni, huuliza mama: mtoto huyu aliwahi kuwa na homa ndani ya wiki mbili zilizopita? Huuliza pia: usiku wa kuamkia leo nani alilala ndani ya chandarua? Maswali safi. Ila jibu la kwanza linategemea mama anahesabu nini kuwa homa, na jibu la pili linategemea umekwenda kuuliza Mei au Septemba. Mwanatakwimu anayachukua majibu, anayapitisha kwenye modeli, anapata asilimia yenye nukta mbili za desimali, na desimali hizo zinatufanya tusahau kwamba chini yake kuna mazungumzo kati ya watu wawili mlangoni. Kama mazungumzo yale yaliharibika, hakuna programu ya kuyatengeneza.

Najua jibu linalokuja: hadithi si data. Nimekaa kwenye vikao vya kutetea mapendekezo ya utafiti, nikaona mwanafunzi aliyepanga kukaa na familia 20 anavyokaangwa. Sampuli ndogo. Haiwakilishi. Umeipataje? Anayefuata anakuja na 384, anavuka kama anayevuka barabara saa nane za usiku. Kila aliyepita vyuoni anaijua 384: ukidhani nusu ya watu wana jambo fulani, ukaruhusu kosa la asilimia 5 na uhakika wa asilimia 95, fomula inakupa namba hiyo, uwe Bagamoyo au Bukoba. Hesabu ni sahihi. Ila mle ukumbini hakuna aliyeuliza hao 384 wataulizwa nini, kwa maneno ya nani, na mbele ya nani. Ukali wote umemalizwa kwenye idadi ya watu, na dodoso lenyewe limepita limekunjwa kwenye kiambatisho.

Familia 20 hazikukusudiwa kutuambia ni asilimia ngapi ya wilaya inafanya jambo. Zinatuambia jambo lenyewe linafanywaje, nani anaamua, na nyumbani linaitwaje. Ukizilaumu kwa kutokuwa 384 unauliza swali ambalo hazikuitwa kulijibu. Na mtafiti mzuri wa mahojiano hachagui 20 kwa sababu ni namba nzuri. Anaendelea mpaka nyumba mpya zinapoanza kurudia yale yale, kisha anakwenda makusudi kumtafuta anayepingana nayo: mama aliyekataa mganga, baba aliyebeba mtoto kwenye baiskeli usiku kwenda zahanati. Hiyo nidhamu ya kujitafutia mpinzani ni nadra kuikuta kwenye dodoso.

Tuje sasa kwenye dai la wenyeji, ambalo ndilo hasa linaloniudhi. Mzungu, wanasema, ana haja ya kusomea namna ya kuongea na Mkwere wa Kiwangwa. Sisi ni wa hapa hapa. Sawa. Basi nieleze kilichotokea kibarazani Fukayosi, nikiwa nimekaa pembeni. Mwanafunzi, kijana mwenye adabu zake, ametoa shikamoo, ameketi kwenye kigoda alichopewa, amefungua kishikwambi.

"Bibi, kuanzia moja mpaka tano, unaridhika kiasi gani na huduma za zahanati?"

"Tatu."

Akaingiza tatu. Kisha, nadhani kwa kuwa kikongwe alikuwa akimtazama kwa huruma, akauliza kitu ambacho dodoso halikumtuma.

"Kwa nini tatu, Bibi?"

"Umesema moja mpaka tano, mjukuu wangu. Nimekaa katikati, nisimuudhi mtu."

Ile tatu ilikwishaingia. Kwenye jedwali itasomeka kama mkazi mwenye msimamo wa wastani kuhusu huduma za afya. Ukweli ni kwamba bibi alikuwa hajazungumzia zahanati hata kidogo. Alikuwa anamtunzia mgeni heshima. Na kijana yule si mgeni wa nchi, ni mtoto wa pwani kabisa. Uenyeji wake haukumsaidia. Tena ulimponza, kwa sababu adabu aliyolelewa nayo inamwambia mkubwa akishajibu humhoji.

Kuna mengine yanayompata mwenyeji peke yake. Kijijini kila anayekuja na kalamu kutoka upande wa afya anaitwa daktari, hata kama hajawahi kumpima mtu presha. Na daktari haambiwi kwamba mtoto alianza kwa mganga. Anaambiwa tulimkimbiza hospitali, maana ndicho anachopenda kusikia. Kijana wa kiume hawezi kumuuliza mama wa makamo habari za uzazi akapata zaidi ya kicheko na "hayo tumuulize nesi". Msichana wa miaka 26 asiye na mtoto anasikilizwa kwa upole na kuagwa kwa upole, bila kuambiwa lolote. Mtoto wa mjini aliyekuja na gari la mradi anaelezwa shida zote za kijiji, kisima kibovu kikiwa cha kwanza, kwa sababu nani ajuaye, huenda ndiye mfadhili.

Halafu njia yenyewe ya kufika. Kibali cha maadili kimetoka, barua imepita mkoani Kibaha, ikaja wilayani, ikashuka kwa mtendaji wa kata, wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti anasema usijali daktari, watu nitakukusanyia. Kesho yake asubuhi kuna akina mama 8 darasani kwenye shule ya msingi, wamekaa kwenye madawati ya watoto, wanajua kuna soda na nauli. Watatu ni ndugu wa mwenyekiti. Mmoja anaongea, wengine wanaitikia. Mwanafunzi anarudi Dar es Salaam na rekodi ya dakika 70 aliyoiita majadiliano ya kikundi. Hakuna aliyemfundisha kuitazama njia ile ya barua kama sehemu ya matokeo yake: nani kamchagulia watu, nani hakuitwa, mfugaji wa Kimang'ati aliyeko kando ya kijiji yuko wapi katika hao 8, na kwa nini yule mama wa pembeni alinyamaza lilipotajwa jina la zahanati.

Kuyaona hayo ni ujuzi. Unafundishwa, unazoezwa, unakosolewa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee, na katika kazi hii walipatia kuliko walivyodhani: mgeni ana ruhusa ya kuuliza la kijinga, "homa mnamaanisha nini?", na akaelezwa kuanzia mwanzo. Mwenyeji akiuliza hilo anachekwa. Hivyo mwenyeji haulizi, anajijibu mwenyewe kichwani, na kichwa chake ndicho kinachoandikwa kwenye tasnifu kwa jina la jamii.

Anayedhani natukuza wageni amkumbuke Mtoro bin Mwinyi Bakari. Huyu alikuwa mtu wa Bagamoyo, mwalimu wa Kurani, na yeye ndiye mwandishi mkuu wa habari zilizochapwa Göttingen mwaka 1903 kama Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichohaririwa na Mjerumani Carl Velten. Mle mna uzazi, unyago, pepo, uganga na maradhi. Watasema: mnaona, mwenyeji aliandika bila kusomea mbinu. Ila Mtoro alikuwa akiwafundisha Kiswahili wanafunzi wa Berlin, watu wasiojua hata mkeka unatandikwaje. Alilazimika kueleza kila ambacho nyumbani hakielezwi kwa kuwa kila mtu anakijua. Mwanafunzi wetu wa leo anawaandikia wasimamizi waliokulia Tanga na Mtwara, hakuna anayemlazimisha. Lazima darasa limlazimishe.

Gharama ya kulipuuza hili si ya kufikirika. Mwaka 2008, mkoani Morogoro, vidonge vya kichocho na minyoo vilipogawiwa mashuleni, uvumi ulienea kwamba watoto wanakufa, wazazi wakavamia shule, kukawa na vurugu. Dawa zilikuwa salama, zimetumika duniani kwa miaka mingi. Walioandaa zoezi walikuwa na kila kipimo isipokuwa kipimo cha nini kinasemwa sokoni. Kwenye pwani ya kaskazini, Melissa Parker na Tim Allen walifuatilia dawa za matende na mabusha wakaona watu wengi hawazimezi, na makala yao ya 2013 inauliza kama kugawa dawa kwa mkupuo kutaumaliza ugonjwa kweli. Kitabu cha mgawaji kinaweza kuonyesha zimetolewa. Vidonge viko kwenye kikombe juu ya kabati, kwa sababu mwenye nyumba anajua busha huletwa na madafu, au anahofu ni dawa za uzazi zilizofichwa jina.

Na sijagusa mumiani. Ukanda huu wote umekua na habari za wanyonya damu, tangu enzi za wakoloni, na Luise White ameziandikia kitabu kizima akionyesha kwamba uvumi wa aina hiyo una mantiki yake na historia yake. Mwanafunzi anayekwenda kijijini na mirija ya damu kwenye kibegi cha barafu bila kuijua historia hiyo ataandika "elimu duni ya jamii" kwenye sura ya mjadala. Duni ni ya nani hapo?

Nikubali jambo moja kwa wapinzani wangu, maana ni la kweli. Tasnifu nyingi za mahojiano ni mbovu. Mada tano zilizopangwa kabla ya kwenda uwanjani, chini ya kila mada nukuu mbili za "mama, miaka 34", kisha mapendekezo kwamba elimu itolewe. Ukimuuliza mwandishi kwa nini nukuu ile na si nyingine, anakutajia NVivo, kana kwamba programu ilichagua. Mwongozo wa maswali ulitungwa kwa Kiingereza, ukageuzwa Kiswahili usiku mmoja, rekodi zikageuzwa Kiingereza na vijana waliolipwa kwa ukurasa, uchambuzi ukafanyika kwa Kiingereza. Msemaji wa Zinga hakuachiwa hata sentensi moja aliyoisema mwenyewe. Kweli kabisa, ni kazi mbovu. Lakini ubovu huo mnaupeleka mahakamani kama shahidi wenu, na ni shahidi wangu. Hivyo ndivyo inavyokuwa kazi inayofanywa na watu walioambiwa kwamba haina ufundi. Mpe mtu hadubini bila kumfundisha kupaka slaidi, atakuletea slaidi chafu, na hakuna atakayehitimisha kwamba vimelea vya malaria ni hadithi.

Wanaobaki husema muda hautoshi. Shahada ni miaka miwili, fedha za utafiti chache. Nakubali fedha ni chache. Ndiyo maana nashangaa zinakwenda kwenye kuwalipa wasaidizi wa kuhoji watu 384 huku mwanafunzi akikaa nyumba ya wageni akipokea data kwenye simu. Fedha hizo hizo zinamlaza kitongoji kimoja kwa wiki kadhaa. Aende kisimani, akae msibani, akae kliniki siku ya mizani aone nani anakalishwa mbele na nani nyuma, kabla hajafungua swali lake la kwanza. Arudi na rekodi tatu tu, azicheze darasani mbele ya wenzake, wasimamishe kila alipomkatiza msemaji, kila alipomtilia neno mdomoni, kila alipocheka kwa woga akabadilisha mada. Wanafunzi wa udaktari wanafundishwa hivyo kusikiliza kifua, na hakuna anayelalamika kuhusu muda.

Wasimamizi nao wana lao. Nimesoma maoni mengi pembezoni mwa sura za matokeo, kuhusu mpangilio, nafasi kati ya mistari, na mtindo wa marejeo. Msimamizi aliyeomba kuisikia sauti yenyewe simkumbuki. Kabla ya kusaini sura ya 4, na achague rekodi moja bila kumwambia mwanafunzi, aweke spika, asikilize nusu saa ya Kiswahili alichokwenda kukichukua mwanafunzi wake Bagamoyo, na maandishi yakiwa mkononi ayalinganishe. Halihitaji bajeti hilo, wala kikao cha seneti.